Ng'ombe wa Chini ya Uzio

Asubuhi hiyo Lusia alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la shamba la pamba lililokwisha kung'olewa, akisugua sahani ya mashine yake ya kusikilizia madini kwa kipande cha kitenge chenye unyevu. Tope la jana lilikuwa limekauka ukingoni mwa sahani, na tope likikauka pale mashine huanza kudanganya, ikalia mahali pasipo na kitu. Alipomaliza alipachika betri, akavaa spika za masikioni, akatia mdomoni kipande cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kujitwisha begi mgongoni.

Begi lilikuwa la mtumba, kubwa, rangi ya majani makavu, lenye mikanda ya kifuani na ya kiunoni. Ndani yake mlikuwa na hema la mtu mmoja, sufuria, karai la kuchekechea mchanga, sumaku, dumu la maji, na gauni moja la kuingilia kwenye miji ya watu. Juu ya begi alifunga bamba la sola likitazama mbinguni, ili wakati yeye anatembea betri nazo ziwe zinakula. Sururu fupi ilining'inia kiunoni.

Alikuwa mtu wa Tinde. Miaka mingi aliponda mawe kwenye machimbo ya Geita, mpaka mabega yakakataa kazi hiyo, ndipo akahamia kwenye masikio. Mashine ilikuwa mali ya Jashvant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na kilimo mjini Shinyanga, na makubaliano yao yalikuwa mafupi: dhahabu ni ya wote wawili, kitu kingine chochote ni cha Lusia. Kitu kingine chochote kilikuwa kingi. Kila mvua za kwanza, zinapoichuna ardhi ngozi yake ya juu, alitembea kuanzia Kahama kwenda magharibi na kurudi na misumari, vizibo vya soda, valvu za baiskeli, maganda ya risasi na senti zenye tundu za enzi za Mwingereza. Dhahabu ilipatikana pia, lakini kwa kuviziana.

Masikio yake yalikuwa yamejifunza. Chuma hukoroma. Shaba hulia kama mbu. Dhahabu huanza chini, hupanda taratibu na kushuka taratibu, kama mtu anayeuliza swali bila kufumbua mdomo. Chuma Lusia huwa anakipita, kwa sababu nchi imejaa chuma, na anayechimba kila chuma atazeekea shimo la kwanza.

Alifika kwenye uzio wa Kampuni ya mgodi jua likiwa bado halijawa kali. Uzio ulipita upande wa juu wa kijiji cha Mwakaluba, na ng'ambo yake lilionekana bwawa la topesumu, yaani maji machafu ya mgodi, pana na tulivu, la rangi ya kijani kibichi kama sabuni ya mche. Upande wa huku, chini ya uzio, palikuwa na kiwanja kirefu chenye majani mabichi kuliko majani mengine yote. Alipitisha sahani, na mashine ikakoroma.

Angepita. Lakini mkoromo ule ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi mara mbili kwa haraka, kisha ukatulia. Lusia alisimama akasikiliza. Aliwahi kuchunga akiwa msichana, na alijua ni mnyama gani anayetikisa shingo namna ile, na kwamba anachofukuza ni nzi. Akaweka begi chini, akachimba.

Kengele aliipata shimo lilipofika kina cha magoti yake. Ilikuwa ya bati nene, yenye kutu, imefungwa kwenye mkanda wa ngozi, na alipouvuta mkanda haukutoka, kwa sababu ulikuwa shingoni mwa ng'ombe. Aliendelea kuchimba kwa mikono ili asimjeruhi kwa sururu. Mabega yalipokuwa huru ng'ombe alimaliza mwenyewe. Aliinua kwanza miguu ya nyuma, kama wafanyavyo ng'ombe wote wakiamka, halafu ya mbele, akajikung'uta udongo, na kuanza kula majani.

Lusia alifukia shimo, kwa kuwa hiyo ndiyo adabu ya kazi yake. Kisha akamfunga kamba, akatazama sikio lililokatwa pembeni na chapa ya pajani, na kumvuta kuelekea kwenye nyumba ya kwanza iliyozungukwa na minyaa, kuuliza alama ile ni ya nani.

Ilikuwa ya nyumba hiyohiyo. Mzee Mwigulu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi tupu, akisuka kamba ya katani. Zizi lilikuwa limeota nyasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu. Karibu. Huyo umemtoa wapi?"

"Chini ya uzio, pale penye majani mabichi."

"Ndipo walipo," alisema mzee. Aliinuka, akatia kidole kwenye mkato wa sikio, akampapasa ng'ombe shingo, akainama kutazama miguu. "Huyu ni Sikujua. Nilimnunua mnadani bila kujua kwamba ana mimba. Alikufa mwaka juzi. Tazama kwato zilivyorefuka. Kule chini hakutembea."

Mwanawe Cornel, kijana mrefu asiyependa kusema, alileta ndoo ya maji ya mvua. Sikujua alikunywa yote, akapiga chafya ya udongo. Lusia alipewa kiti, akapewa uji, na mzee akamweleza habari za ng'ombe wake kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Kabla ya uzio, alisema, ng'ombe wa Mwakaluba walikunywa kwenye kijito. Uzio ulipopita, kijito kikabaki ndani. Kampuni ilichimba kisima kirefu badala yake, ikajenga sakafu ya saruji na kibao cha marumaru chenye tarehe ya uzinduzi, ila pampu haikuwa imefika. Kisima cha zamani cha mikono hukauka kiangazi kikikaza. Mwaka juzi kilipokauka, ng'ombe walifuata harufu ya maji, wakaona uzio umelala mahali pamoja, wakaingia. Maji ya lile bwawa yana chumvichumvi, na ng'ombe hawawezi kukataa chumvi. Walikunywa, wakarudi nyumbani kwa miguu yao, na kesho yake wote walikuwa chini. Kampuni ilileta katapila siku hiyohiyo, kwa ajili ya afya ya jamii, ikawazika. Kuhusu kilichowaua, wakaambiwa uchunguzi unaendelea.

"Wa kwako tu?"

"Wa kwangu na wa majirani. Wangu ndio walikuwa wengi." Mzee aliokota katani yake. "Walikuwa mahari ya huyu. Baba wa binti, huyo Mariana, alikuja kutoka Mhunze, akatazama zizi, akamrudisha binti yake kwao. Simlaumu. Alisubiri kuliko wengine."

Cornel alikuwa amegeuka, anamkwangua Sikujua udongo kwa gunzi.

Mchana huo walikwenda wote chini ya uzio. Lusia alitangulia na mashine, nyuma yake Cornel na majembe, nyuma ya Cornel majirani. Ilikuwa kazi ya kawaida kama kuvuna viazi. Mashine ilikoroma, Lusia alichora duara kwa kisigino, wanaume wakachimba, ng'ombe akaamka. Baadhi waliamka haraka. Wengine walihitaji kusuguliwa miguu. Fahali aliyeitwa Dereva alitoka na hasira zake zilezile, akampiga Cornel kikumbo, na watu wakasema huyo kweli ni Dereva.

Jioni ilipokaribia mashine ilinyamaza.

"Bado wapo," alisema Mwigulu. "Bado hata nusu hawajafika."

"Hao wengine walikuwa na kengele?"

"Si wote. Kengele huvaa wanaoongoza. Na wale wenye hereni za bati sikioni, wameshatoka."

"Basi hao siwasikii, mzee. Mashine inasikia madini tu."

Jirani mmoja aliyekuwa amekataa ng'ombe wake wasivishwe hereni, akisema zinawaumiza masikio, alisimama kidogo juu ya yale majani. Kisha alibeba jembe lake akaenda nyumbani. Mtu mmoja aliuliza kama haiwezekani kuchimba kiwanja chote. Walijaribu kesho yake kwenye kona moja. Walipata mifupa, na mifupa haikuamka. Wakairudisha.

Siku chache baadaye lilikuja gari la Kampuni, jeupe, lenye antena ndefu. Alishuka Nelly, afisa mahusiano, msichana mpole aliyevaa viatu vya usalama na kofia ngumu, pamoja na daktari wa mifugo. Nelly aliwaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, akakubali kukaa, akakubali maziwa. Yalikuwa maziwa ya Sikujua.

"Mzee, hawa ndio wale mlioleta malalamiko yao?"

"Ndio hao."

"Wale waliokufa."

"Walikufa, ndiyo."

"Lakini sasa wako hai."

"Sasa wako hai," alikubali Mwigulu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubisha jambo lililo mbele ya macho.

Daktari wa mifugo alikuwa amemaliza kupima. Alisema ni wazima, wamekonda kidogo, wapewe dawa ya minyoo na wakatwe kwato. Nelly alimshukuru, akamgeukia mzee na kumweleza kwa upole kwamba malalamiko yalihusu vifo vya ng'ombe, na kwa kuwa ng'ombe wamepatikana, malalamiko hayana tena cha kusimamia. Kampuni ilikuwa inafurahi pamoja na familia. Mwigulu aliuliza habari za waliobaki chini. Nelly alisema kwamba hao, kwa kuzingatia mwenendo wa wenzao, haiwezi kusemwa moja kwa moja kuwa wamekufa.

"Na pampu, mwanangu?"

"Pampu iko Isaka, mzee. Imeshashuka kwenye treni. Inasubiri lori."

Mwana wa Lusia, Fredy, alikuwa mpakiaji pale bandari kavu ya Isaka. Lusia alimpigia simu palepale, kwa kuwa simu ilikuwa na chaji, akamuuliza. Fredy alisema pampu zipo, kontena zima, mpya kabisa, na zote zinakwenda Kongo. Lusia aliwapa watu jibu hilo. Nelly alisema atafuatilia, na ilionekana anasema kweli, kwa sababu aliandika kiganjani kwa kalamu. Kabla hajaondoka alishusha garini makoleo mapya yenye nembo ya Kampuni kwenye mipini, msaada kwa jamii kwa ajili ya uchimbaji wa mifugo. Mwigulu alishukuru. Makoleo yalikuwa mazuri.

Ng'ombe wa mahari walipelekwa Mhunze. Lusia hakwenda, alisimuliwa. Baba wa Mariana aliwazunguka, akafungua midomo yao akatazama meno, akasema wananuka udongo. Cornel alijibu kwamba harufu inapungua. Mzee huyo alifikiri, akasema ng'ombe aliyekufa mara moja anaweza kuwa mgumu kuliko ambaye hajafa kabisa, akawapokea. Mariana alirudi Mwakaluba nyuma ya bodaboda, amepakata sanduku la bati.

Lusia bado alikuwepo, amepiga hema nyuma ya zizi, kwa kuwa kwenye mkondo wa chini ya kijiji alikuwa amesikia swali jembamba la dhahabu na alitaka kulifuata. Mariana alimletea uji siku ya kwanza. Siku ya pili alileta uji na hakuondoka. Alikaa kwenye jiwe akamwangalia Lusia akisugua sahani.

"Mama Fredy, hii inasikia nini hasa?"

"Chuma. Shaba. Bati. Dhahabu nikibahatika."

"Na fedha?"

"Fedha pia."

Mariana alichora kitu mchangani kwa kidole cha mguu, akakifuta.

"Mwaka ule wa ng'ombe nilikuwa na mtoto," alisema. "Noela. Alikuwa ameanza kukimbia. Kisima kilikuwa kimekauka, sisi wote tulikuwa tunachota kule bwawani. Tulikuwa tunachemsha. Zahanati walisema tumbo."

"Yuko wapi?"

"Hapa nyumbani. Kwenye minyaa."

Walikwenda. Palikuwa na tuta dogo lililozungushiwa mawe, na mtu alikuwa amelipalilia muda si mrefu. Lusia alisimama na mashine begani.

"Mlimzika na nini?"

"Kanga yangu. Na shanga zake za kiunoni."

"Shanga za nini?"

"Zile za plastiki, za mnadani. Nyekundu na nyeupe."

"Pini ya nepi? Kitufe? Hirizi yenye bati?"

"Alikuwa ameshaacha nepi," alisema Mariana. "Na sisi ni watu wa kanisa. Hirizi hatukumvisha."

Lusia alijua jibu kabla hajavaa spika. Akazivaa hata hivyo. Alipandisha usikivu wa mashine mpaka mwisho, mahali ambapo huwa haupeleki kwa sababu huko mashine husikia hata mawe yakipoa, akapitisha sahani juu ya tuta, polepole, kutoka kichwani kwenda miguuni, na kutoka miguuni kwenda kichwani. Alisikia udongo. Alisikia mzizi wa mnyaa ukivuta maji. Alisikia saa ya mtu aliyepita barabarani. Alirudia, akabadilisha pembe, akapiga magoti na kuiweka sahani chini kabisa, igusane na ardhi. Mariana alikuwa ameshika koleo la Kampuni kwa mikono miwili, ameliegemeza kifuani.

"Sisikii, mama," alisema Lusia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mariana aliinama, akarudisha jiwe moja lililokuwa limesogea.

"Ahsante," alisema. "Uji usipoe."

Lusia aliendelea kuwa na spika masikioni mpaka alipofika kwenye hema, ingawa mashine ilikuwa imezimwa. Mkondoni hakurudi. Kesho yake alifunga mizigo, akaaga, akapewa michembe na chupa ya samli, na kushika njia ya kurudi.

Mjini Shinyanga, Jashvant alimkuta amekaa kwenye mifuko ya saruji mbele ya duka. Aliangalia kijiwe kidogo cha dhahabu alichokuja nacho, akakitia kwenye mizani, akasikiliza habari za ng'ombe mpaka mwisho. Alisema kwamba ng'ombe hawakuwa kwenye makubaliano, kwa hiyo hana dai juu yao. Mkewe Induben, aliyekuwa anapanga misumari kwenye visanduku, aliuliza kama walikuwa na maziwa.

"Walikuwa nayo. Mazito."

"Hiyo ni kwa sababu ya kupumzika," alisema Induben.

Baada ya hapo maagizo yalianza kuja kutoka upande wa Nyang'hwale, kilipo kijiji cha Mwakaluba. Watu walitaka kengele. Kwanza walitaka za ng'ombe. Jashvant alikuwa na mbili za vumbi dirishani, akazituma kwa basi, na wiki hiyohiyo ikabidi aagize boksi kutoka Mwanza. Halafu walianza kuuliza kengele ndogo, ndogo kuliko za mbuzi. Alimwambia Lusia kwenye simu kwamba hajui watu wa huko wanafuga nini siku hizi, labda sungura. Lusia alikuwa Tinde, anapalilia karanga.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, alibeba begi akaenda tena. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya ule mkondo.

Huko Mwakaluba walikuwa wanamsubiri. Mwezi wa nane kisima kilikuwa kimekauka kama kawaida yake, ng'ombe walikuwa wamefuata chumvi, na wote walikuwa wamekufa, Sikujua na Dereva wakiwemo. Hakuna aliyelalamika safari hii. Mzee Mwigulu alimweleza haya akiwa kwenye kigoda kilekile. Katapila lilikuwa limekuja mapema zaidi kuliko mwaka ule, na Kampuni ilikuwa imeboresha huduma: ng'ombe walizikwa kwa mstari, juujuu, kila mmoja na kijiti chenye kitambaa cha rangi ya chungwa. Nelly alikuwa amesimamia mwenyewe, kwenye jua, tangu asubuhi. Pampu ilikuwa bado Isaka.

"Sasa wote wana kengele," alisema Mwigulu. "Hata ndama."

Waliwatoa kwa siku moja. Watu walikuwa wameshazoea. Kulikuwa na wanawake waliopika ugali wa udaga na mlenda kando ya kiwanja kwa ajili ya wachimbaji, na kulikuwa na mchungaji aliyefungua kwa sala fupi. Ng'ombe waliamka, wakajikung'uta, wakaanza kula. Watu walisema kwamba jambo hili lina uzuri wake. Kiangazi ambacho hakina majani huna mifugo ya kulisha, na mvua zikirudi mifugo inarudi. Mtu aliyehamia kutoka Mbogwe alisema angependa kuzika wake pia mwakani, akaambiwa lazima wanywe kwanza.

Lusia alikuwa anakunja waya wa spika zake aliposikia mlio mwingine, wa masikio matupu. Ulikuwa mwepesi, wa vitu vingi vidogo, ukishuka kutoka kijijini. Walikuwa watoto. Walikuja kwa mstari kwenye njia ya bwawani, wakubwa na ndoo, wadogo na vidumu vya mafuta ya kula, na kila mmoja alikuwa na chuma mguuni. Wengine walivaa kengele za Jashvant. Wengine walivaa nati ya baiskeli kwenye uzi, au kijiko kilichokunjwa, au kizibo cha soda kilichotobolewa kwa msumari. Mtoto mmoja alivaa ufunguo. Walimwamkia wote kwa pamoja, wakapita, wakaingia pale uzio ulipolala. Hakuna mtu mzima aliyegeuka kuwatazama. Mvua zilikuwa zimenyesha mara mbili tu, na maji ya kisima cha mikono yalikuwa bado tope.

Mariana alikuja nyuma yao. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, wa kiume, aliyelala kinywa wazi. Alimsalimia Lusia, akamuuliza habari za Tinde, za karanga, za Fredy. Kisha alimgeuza mtoto, akautoa mguu wake mdogo nje ya kanga. Kwenye kifundo palikuwa na bangili ya chuma cheusi, nyembamba, iliyolainishwa kwa mchanga ili isimkwaruze. Cornel alikuwa ameifua kutoka kwenye koleo la Kampuni.

"Nilikuwa nakungoja wewe uipime," alisema.

Lusia aliikunjua tena mashine. Alivaa spika, akapandisha sahani taratibu mpaka karibu na ule mguu. Chuma kilikoroma, wazi kabisa, bila kukatika. Mtoto aliamka, akaitazama sahani, hakulia.

"Inasikika?"

"Inasikika."

"Hata ikiwa chini?"

Lusia alifikiri. Alikuwa amezoea kujibu maswali ya kazi kwa ukweli.

"Mwisho ni kina cha kiuno. Ikipita kiuno, kitu kidogo namna hii sitakisikia."

Mariana alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akakaza kanga, akainama na kuchukua ndoo yake.

"Basi nitawaambia wasichimbe kirefu," alisema, na kushuka bwawani.